Kompyuta ya kutunzia muziki nyumbani: kwanza uliza inakula wati ngapi

Papa alituachia kanda 214. Nilizihesabu mwenyewe sebuleni kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, siku tuliyofungua kabati lake baada ya matanga. Nyingi ni za muziki aliorekodi redioni usiku, kila moja na karatasi yake ya tarehe na majina kwa kalamu ya bluu ya kazini kwake, kwenye reli. Nyingine ni za arusi za ndugu na kwaya za parokia. Moja ni ya mwaka 1987, na ndani yake yeye mwenyewe anasikika akiwakaribisha wakwe mezani. Hiyo Mama anaitaka karibu kila Jumapili. Kwa ajili yake nilianza kutafuta kompyuta itakayobeba muziki wote wa nyumba, ikae mahali pamoja, iwake siku zote, na mtu yeyote wa nyumbani aufungulie kwa simu yake.

Nilikosea mara mbili kabla ya kupata inayofaa, na makosa yote mawili yalinila pesa. Naandika kwa mtu wa Lubumbashi, wa Likasi, wa Kolwezi, au wa mji mwingine wowote anayejua delestaji, umeme kukatwa kwa zamu, ni nini. Maelekezo mengi ya kazi hii yameandikwa na watu ambao umeme kwao haukatiki, kwa hiyo yanaanza na prosesa, ubongo wa kompyuta. Mimi nafundisha hesabu, na hesabu yangu inaanza kwenye wati. Baada ya wati linakuja swali la pili: umeme ukikatika saa nane usiku na kurudi saa kumi na moja alfajiri, kompyuta hii itaamka yenyewe au itangoja mtu aje kuibonyeza?

Kazi yenyewe ni nyepesi

Seva ya muziki ni kompyuta ya kawaida inayotunza mafaili ya nyimbo na kuyagawa kwa vifaa vingine kupitia mtandao wa ndani ya nyumba. Ikishapangwa haihitaji skrini wala kibodi. Wala haihitaji intaneti: ruta yako hata bila salio la data bado inaunganisha simu na seva, na muziki unapita bila kulipiwa megabaiti hata moja. Kwetu hilo si jambo dogo.

Sauti ya CD ni sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja ya biti 16, upande wa kushoto na wa kulia. Zidisha, utapata biti 1,411,200 kwa sekunde. Inaonekana nyingi, lakini kebo ya mtandao ya kizamani inapitisha biti milioni 100 kwa sekunde. Vyumba vitano vikisikiliza nyimbo tano tofauti kwa wakati mmoja havijala hata sehemu ya kumi ya nafasi hiyo. Prosesa nayo inakaa karibu bure muda wote. Core i5 ya mwaka 2012 inatosha na kusaza, na kumbukumbu ya GB 4 inatosha. GB 8 chukua tu ikiwa bei ni ileile.

Muuzaji akikuambia muziki unataka Core i7, usimfuate. Ninayoijua mimi yenye madai makubwa kidogo ni Roon, programu ya kulipia, ambayo wenyewe wanapendekeza angalau Core i3, kumbukumbu ya GB 4 na diski ya SSD, ile isiyo na sahani inayozunguka. Kwa hizi nyingine za bure nitakazotaja, mashine inayofungua barua pepe bila kukwama inafaa.

Kuna mpaka mmoja wa umri. Usinunue mashine ya biti 32, hata kwa bei ya bukari na samaki. Debian 13, moja ya Linux, mifumo ya bure ya kuendeshea kompyuta badala ya Windows, iliyotoka Agosti 2025, haina tena usakinishaji wa mashine hizo, na nyingine zinaelekea hukohuko. Kwa upande mwingine, kuna umri ambao sasa ni neema kwetu. Windows 11 inadai, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, na Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Maofisi ya ng'ambo yanaziondoa mashine za kizazi cha sita na cha saba zikiwa bado nzima kabisa. Ukiweka Linux, mashine hizo ni za kazi yetu hasa.

Hesabu ya wati

Kompyuta yangu ya kwanza ilikuwa kasha kubwa la mezani, Core 2 Duo, ya bei ya chini kuliko zote nilizoona siku hiyo. Niliipima kwa kipimo cha wati kinachochomekwa kwenye soketi: wati 68, ikiwa haifanyi kitu. Zidisha kwa saa 24, ni zaidi ya yuniti moja na nusu kwa siku, kila siku, kwa mashine iliyokaa tu ikingoja Mama aseme neno.

Lakini bili si jambo kubwa zaidi. Kubwa ni betri. Nyumbani tuna betri moja ya asidi, volti 12, ampea-saa 100. Kwa maandishi hiyo ni wati-saa 1,200, ila betri ya asidi ukiimaliza zaidi ya nusu mara kwa mara unaiua, kwa hiyo hesabu 600. Kigeuzi cha kuipandisha volti 12 iwe 220 nacho kinakula chake. Changu kinapoteza kama asilimia 15. Kwa hiyo wati 68 za kompyuta zinakuwa 80 kwa betri, na 600 gawa kwa 80 ni saa saba na nusu. Delestaji ikianza saa moja jioni, saa nane na nusu usiku betri imeisha, na taa za nyumba hatujazihesabu.

Sasa weka mashine ndogo inayokula wati 9 ikiwa imetulia, na uilishe kutoka kwenye betri kwa kipandisha volti, ile chaja ya laptopu ya kwenye gari, bila kupitia kigeuzi. Betri inaona kama wati 10. Ongeza ruta, wati 6. Jumla 16, na 600 gawa kwa 16 ni saa 37. Siku moja na nusu ya muziki kwa betri ileile. Nilipoandika hesabu hizi mbili ubavuni kwa ubavu kwenye daftari, nililiondoa lile kasha kubwa wiki hiyohiyo.

Lilikuwa limeshaanza kuniumiza kwa namna nyingine. Jioni, mtaa mzima unapopika, volti kwetu zinashuka. Nimewahi kusoma 160 kwenye kipimo. Makasha mengi ya zamani yana swichi nyekundu nyuma, 115 na 230, na ikiwekwa 230 yanataka umeme ulio karibu na huo. Volti zikishuka, mashine inajizima na kujiwasha, tena na tena, huku diski inaandika. Kuna watu wanaogeuza swichi kwenda 115 ili iwake. Usifanye hivyo hata mara moja: umeme ukirudi 220 ghafla, ndani kunaungua. Adapta ya nje ya laptopu au ya kompyuta ndogo imeandikwa 100-240V, nayo inafanya kazi palepale kwenye 160 bila kulalamika. Soma maandishi hayo kwenye adapta kabla ya kusoma kitu kingine chochote kwenye mashine. Stabilizateri, kisawazisha volti, ni nzuri kuwa nayo, lakini adapta ya namna hii imeshakuondolea nusu ya shida.

Mashine zilizoko mbele yako

Laptopu ya mtumba ndiyo watu wengi wanaifikia kwanza, na si vibaya. Ina betri yake, yaani imezaliwa na onduleri, kile kifaa cha kushikilia umeme unapokatika, tumboni. Ina skrini na kibodi siku ya matengenezo. ThinkPad kama X230 au T430 za mwaka 2012, skrini ikiwa imezimwa, zinakula kama wati 10. Lakini angalia mambo matatu. Betri iliyokufa si onduleri, na za mtumba nyingi zimekufa: chomoa chaja dukani, ngoja dakika kumi, uone. Betri nzima ikikaa imejaa asilimia 100 miezi yote, hasa kwenye joto la Oktoba, inavimba. Kwenye Linux programu ya TLP inaweza kuizuia ThinkPad isichaji kupita asilimia 80, na ni lazima uiweke. Tatu, laptopu ikiishiwa kabisa na umeme ukarudi, nyingi zinabaki zimelala. Baadhi ya ThinkPad zina chaguo kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine yenyewe kabla mfumo haujawaka, linaloitwa Power On with AC Attach, ukilikuta, liwashe. Usipolikuta, ujue wewe ndiye utakuwa unaiamsha. Na ukitaka kuifunga kifuniko isisinzie, kwenye faili la logind.conf andika HandleLidSwitch=ignore.

Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja tu, naipenda, lakini si kwa kutunza kanda za Papa. Pi 4, ya mwaka 2019, inakula wati tatu hadi saba hivi na inaendeshwa na volti 5. Tatizo la kwanza ni kadi ndogo inayobeba mfumo wake: ukiikatia umeme ghafla mara nyingi, siku moja haitawaka. La pili ni umeme wa USB: matundu yote manne kwa pamoja yanatoa ampea 1.2 tu, na diski mbili za nje zinaweza kuomba zaidi ya hapo. La tatu ni bei, ukishajumlisha chaja yake, kava na kadi hadi ikufikie huku. Kwa Pi 3 ongeza kwamba kebo ya mtandao na USB zinapita njia moja. Kama unayo tayari, iweke chumbani iwe kichezeshi na kadi ya sauti, ipokee muziki kutoka kwenye seva. Hapo haina mpinzani.

Makabati ya diski yaliyotengenezwa tayari, ya Synology na wenzao, yanafanya kazi vizuri. Bei yake inanizidi, na diski kubwa mbili zinazozunguka sebuleni zinasikika.

Nilichochagua, na ambacho ningemchagulia dada yangu, ni kompyuta ndogo ya ofisi ya ukubwa wa kitabu kinene: HP EliteDesk 800 G2 Mini, Dell OptiPlex 3040 au 7040 Micro, Lenovo ThinkCentre M700 au M710q Tiny. Zote zina ndugu wa vizazi vya baadaye. Jina la prosesa likiishia na herufi T, kama i5-6500T, ni ya aina inayokula kidogo. Zote zina adapta ya nje, ya volti 19.5 au 20. Ndani kuna nafasi ya diski ya inchi 2.5, na nyingi zina nafasi nyingine ya SSD nyembamba ya M.2. Ikiwa imetulia, haisikiki.

Na kwenye BIOS yake kuna mpangilio ambao kwangu una thamani kuliko prosesa: kwa HP na Lenovo unaitwa After Power Loss, kwa Dell AC Recovery. Uweke Power On. Kuanzia hapo umeme ukirudi mashine inajiwasha bila mtu.

Hata hivyo ilinishinda mwezi wa kwanza, na nilichukua siku nyingi kujua kwa nini. Umeme ukikatika nusu saa, iliamka. Ukikatika usiku kucha na betri kubwa nayo imeisha, haikuamka. Ilikuwa betri ndogo ya duara kwenye bodi, CR2032, ile ya saa, ambayo ilikuwa imekufa tangu huko ilikotoka. Bila hiyo, mashine ikikosa umeme kabisa inaweza kusahau mipangilio ya BIOS, pamoja na After Power Loss, na saa inarudi miaka ya nyuma. CR2032 ni betri ya bei ya soda. Siku unayonunua kompyuta nunua na mpya, uibadilishe usiku huohuo, halafu ndipo uingie kwenye BIOS.

Ukiwa sokoni

Yangu niliipata Kenya. Nasema Kenya ya kwetu, komini ya Lubumbashi, na soko lake. Mashine nyingi zinapanda kutoka Kasumbalesa, zimepitia Zambia, na utazijua kwa waya: una miguu mitatu minene ya mraba, wakati soketi zetu zina matundu ya duara. Usiuunge kwa kipachiko cha kulegalega. Hicho ndicho kinachotoa cheche na kukata umeme kila mtu anapopita. Waya wenyewe unachomoka kwenye adapta. Nunua mwingine wenye miguu yetu, ni rahisi sana.

Muuzaji aliniambia, "Mama mwalimu, hii ni mashine ya Ulaya, haina neno." Nilimjibu, "Sawa, papa, tuiwashe tuisikilize." Muuzaji asiyekubali kuiwasha, muage kwa heshima.

Nilikuwa na fleshi yenye Linux ya kuwashia moja kwa moja, na ninakusihi uende nayo. Iwashe kutoka BIOS. Ikikuomba neno la siri ambalo muuzaji halijui, iache, kwa sababu bila kuingia humo huwezi kuiambia iamke yenyewe. Ukishaingia kwenye Linux, jaribu kila tundu la USB na la mtandao. Tazama hali ya diski kwa amri ya smartctl, au CrystalDiskInfo kama mashine ina Windows: angalia sekta zilizohamishwa na zinazongoja kuhamishwa, namba hizo ziwe sifuri, na uone saa ilizofanya kazi. Diski yenye saa 40,000 imewaka zaidi ya miaka minne mfululizo. Mashine inunue, diski ibadilishe. Weka sikio kwenye feni. Mlio wa kukwaruza ni feni iliyochoka, na kwa vumbi letu jekundu la kiangazi haitapona.

Adapta iwe ya mashine ileile. Dell hasa inaitambua adapta yake kwa pini ya katikati, na ukiipa isiyoijua inakutahadharisha na kujipunguza kasi. Kama unapanga kutumia chaja ya gari kutoka kwenye betri, hakikisha ncha yake ndiyo ya mashine yako. Ya Lenovo ya mraba na ya HP ya duara hazibadilishani.

Diski: pima kabla ya kuamini

Kosa langu la pili lilikuwa hapa. Nilinunua diski ya nje iliyoandikwa TB 2, bei nzuri mno, kwa muuzaji wa mkononi. Nikahamishia kanda 60 za kwanza, kazi ya miezi mitatu. Kompyuta ilionyesha kila faili liko. Siku nilipofungua za mwishomwisho, zilikuwa kimya: jina lipo, urefu upo, ndani hakuna kitu. Ndani ya kasha kulikuwa na kipande kidogo kilichodanganywa kijitangaze kikubwa. Kikijaa kinaandika mahali pasipokuwepo. Kanda zenyewe zilikuwepo bado, asante Mungu, nikaanza upya.

Kuna programu ya bure inayoitwa f3 kwenye Linux, na H2testw kwenye Windows. Zinaijaza diski mpaka mwisho, kisha zinasoma tena kila kilichoandikwa. Kwa diski kubwa inachukua usiku mzima. Fanya hivyo kwa kila diski na kila fleshi, ya bei nafuu na ya bei ghali, kabla ya kuweka wimbo mmoja.

Halafu piga hesabu ya unachohitaji kweli. Saa moja ya sauti ya CD bila kubanwa ni MB 635. Ukiibana kwa FLAC, ambayo haipotezi hata biti moja, inabaki karibu nusu, mara nyingi zaidi kidogo kwa kanda zenye mchakacho, kwa sababu mchakacho haubaniki. Kanda 200 za saa moja moja ni GB 127 bila kubanwa, tuseme 80 kwa FLAC. SSD ya GB 500 inazimeza zote na CD zako, na nafasi inabaki. Usilipie TB 4 kwa sababu tu namba inapendeza. Lipia SSD, kwa sababu haina kitu kinachozunguka: vumbi, mtikisiko na umeme wa ghafla haviipati kama vinavyoipata diski ya sahani.

Pesa uliyookoa iwe ya diski ya pili, ya nakala. Nakala yangu inakaa kwa yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, komini ya Kampemba, na kila mwisho wa mwezi inakuja kusasishwa na kurudi. Nakala iliyochomekwa kwenye mashine ileile, radi moja ya Januari inaondoa zote mbili. Kwa radi hizo hizo, mvua inapoanza kunguruma mimi nachomoa pia waya wa antena ya ruta. Umeme wa radi unaingia hata kupitia huko.

Ukiweka diski ya nje kwenye Linux, kwenye faili la fstab, linaloorodhesha diski za mashine, ongeza neno nofail kwenye mstari wake. Bila neno hilo, siku diski hiyo isipoonekana, mashine inasimama katikati ya kuamka ikingoja mtu na kibodi, na wewe uko darasani.

Tundu la kuingizia kanda

Kama wewe una CD na mafaili tu, ruka sehemu hii. Kama una kanda au santuri, angalia hili kabla ya kulipa: kompyuta hizi ndogo na laptopu nyingi hazina tundu la kuingizia sauti ya redio-kaseti; lililopo mara nyingi ni la vipokea sauti vya masikioni na maikrofoni pamoja, na upande wa maikrofoni ni wa sikio moja tu, tena umeongezwa nguvu mno kwa redio-kaseti. Ukirekodi hapo utapata upande mmoja, umepasuka. Tafuta kadi ya sauti ya nje ya USB yenye kuingiza kushoto na kulia. Hiyohiyo, ukishamaliza kurekodi, ndiyo itakayopeleka sauti kwenye amplifaya, na itakuondolea mvumo ule wa chini ambao tundu la kompyuta huwa nao. Natumia Audacity kurekodi, sampuli 44,100, na naipa kila kanda usafi wa kichwa kwa pamba na spiriti kabla haijaingia.

Papa alikuwa na santuri tatu za mizunguko 78 za Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wetu ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Upande mmoja ni dakika tatu hivi. Santuri hizo zinataka sindano yake, iliyo pana kuliko ya santuri za baadaye. Sindano nyembamba inaelea chini ya mfereji na kukwaruza. Zilirekodiwa kwa sikio moja, kwa hiyo baada ya kuziingiza niliunganisha pande mbili kuwa moja. Mchakacho ulipungua, na faili lilipungua ukubwa kwa karibu nusu. Vidole vya yule mzee vinasikika vikihama kwenye nyuzi.

Andika majina kwa mkono. Programu ya Picard inatambua albamu za ng'ambo yenyewe, lakini kwaya ya parokia ya 1991 haiko popote isipokuwa kwenye karatasi ya Papa. Mimi huipiga picha karatasi hiyo na kuiweka kuwa jalada la albamu, ili mwandiko wake uonekane kwenye simu wimbo unapopigwa.

Programu, na usiku wa kwanza

Nimeweka Debian, na juu yake Lyrion Music Server. Hiyo ndiyo ile iliyozaliwa na Slim Devices kwa ajili ya vichezeshi vya Squeezebox, ikanunuliwa pamoja nao na Logitech mwaka 2006, vifaa vikaachwa kutengenezwa mwaka 2012, lakini programu yenyewe, kwa kuwa iko wazi, ikaendelezwa na watumiaji hadi ikapata jina hili jipya mwaka 2024. Inakimbia kwenye mashine dhaifu, inaweza kucheza wimbo mmoja vyumba viwili kwa pamoja bila kupishana, na simu inaifungua kama ukurasa wa kawaida. Kwa anayetaka zaidi kusikiliza kwenye simu yenyewe, Navidrome ni nyepesi na nzuri. Sebuleni kwangu mashine ileile ndogo inaendesha pia Squeezelite, kichezeshi chenyewe, kikapeleka sauti kwa ile kadi ya USB hadi kwenye amplifaya ya Papa.

Ruta ipe mashine anwani isiyobadilika. Mashine iunge kwa kebo, si kwa waifai. Simu ndizo za waifai. Kwenye simu ya Mama weka alama ya ukurasa huo kwenye skrini ya mbele, peke yake, mahali kidole chake kinapofika.

Siku za mwanzo Mama aliniuliza, "Kuran ilisharudia, sasa muziki?" Kuran kwetu ni umeme. Mashine ilikuwa imeamka, lakini kichezeshi kilibaki kimya. Kwenye mipangilio ya kila kichezeshi cha Lyrion kuna mahali pa kuamua kifanye nini kikiwashwa tena: kinyamaze, au kiendelee pale kilipoachia. Nikaweka kiendelee.

Kwa hiyo usiku wa kwanza, kabla ya kuificha mashine nyuma ya kabati, fungulia wimbo mrefu, kisha chomoa waya ukutani kama delestaji inavyofanya, bila kuaga. Hesabu dakika tano kamili. Chomeka, usiguse kitu, uketi. Yangu inachukua kama dakika moja na nusu. Rudia mara tatu, ya mwisho uiache imechomolewa usiku kucha ili uipime na ile betri ya CR2032. Ikiwa asubuhi, mara tu baada ya kuchomeka, sauti ya 1987 inaendelea kuwakaribisha wakwe mezani kutoka pale ilipokatikia, rudisha kabati ukutani.